Kwa nini amri iliyonakiliwa kutoka ukurasa wa mwongozo inakataliwa

"Nimeandika programu ndogo ya kuhifadhi nakala za mafaili na kufuta zile zilizopitwa na wakati, nikaiandikia ukurasa wa mwongozo kwa mkono, kwa makro za man, yaani amri za mkato za kupanga kurasa hizo. Watumiaji watatu wameniletea malalamiko. Wa kwanza anasema amri aliyoinakili kutoka sehemu ya mifano inakataliwa, ilhali akiiandika mwenyewe kwa kibodi inafanya kazi. Wa pili anasema mfano wa printf unaishia na sifuri ambayo mimi sikuiandika. Wa tatu anasema sentensi inayotaja faili la usanidi inakatika katikati. Kwenye kompyuta yangu vistari vyote vinaonekana sawa kabisa. Mwenzangu alinishauri niandike kila mkwaju wa nyuma (`\`) mara mbili. Nikafanya hivyo, na sasa pameharibika mahali pengine. Je, kosa ni langu au ni la man, programu inayoonyesha kurasa hizi? Na je, niachane na muundo huu nihamie Markdown?"

Ndugu msomaji, ninaelewa kinachokusumbua: uliandika kitu kimoja, wasomaji wako wanaona kingine, na kila unaporekebisha hapa panaharibika pale. Nikuondolee kwanza shaka kuhusu programu ya man, kwa sababu haina kosa katika malalamiko yote matatu. Wala wewe hukufanya uzembe. Ulifanya jambo ambalo karibu kila anayeandika ukurasa wake wa kwanza hulifanya, yaani ulidhani kwamba herufi unayoibonyeza kwenye kibodi ndiyo itakayotokea kwenye skrini. Katika roff, ambayo ndiyo lugha ya kurasa za mwongozo, herufi chache hazifuati kanuni hiyo, na kwa bahati mbaya ni zile zile ambazo amri za kompyuta haziwezi kuishi bila hizo.

Sababu yake ni kwamba roff ni lugha ya kupanga chapa. Ukoo wake unaanzia kwenye RUNOFF, programu aliyoiandika Jerome Saltzer huko MIT mwaka 1964, ukapitia kwenye troff ya Joe Ossanna wa Bell Labs, ambayo ilitengenezwa katika miaka ya 1970 ili kuendesha mashine ya kupanga chapa kwa mwanga, na leo kwenye Linux tunatumia groff, ambayo James Clark aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1990. Mpanga chapa ana vistari vya aina kadhaa: kile kinachounganisha maneno, kile cha kutoa katika hesabu, na kile kirefu cha kutenga wazo. Ana alama za mtajo za kufungua na za kufunga, tena zilizopinda vizuri. Kibodi ya kompyuta, kwa upande wake, ina kitufe kimoja tu cha kistari na kimoja cha ritifaa. Waliobuni lugha hii waliamua kwamba kitufe kikibonyezwa kitupu kitatoa ile alama inayohitajika zaidi katika sentensi za kawaida, na anayetaka alama nyingine ataiomba waziwazi kwa kutanguliza mkwaju wa nyuma.

Kwa hiyo kistari kitupu ndani ya chanzo chako kinamaanisha kiungo cha maneno, na kwenye terminali ya UTF-8 (namna ya kuandika kwa baiti herufi za Unicode, ile orodha ya herufi za lugha zote) groff hukitoa kama herufi U+2010 ya Unicode. Ritifaa tupu hutoka ikiwa imepinda, yaani U+2019, kwa kuwa mwandishi wa sentensi ndiyo anayoitaka. Ritifaa ya kinyume, ile inayoinama kushoto, hutoka kama alama ya kufungulia mtajo, U+2018. Kofia `^` hugeuka U+02C6 na wimbi `~` hugeuka U+02DC, ambazo zote mbili ni vibainishi vya kuwekwa juu ya herufi. Ukihitaji zile alama za ASCII zenyewe (orodha ya zamani ya herufi za kibodi ya Kiingereza), zile ambazo sheli, yaani programu inayosoma amri kwenye terminali, inazitambua, unaziomba kwa `\-` kwa kistari, `\(aq` kwa ritifaa iliyonyooka, `\(ga` kwa ritifaa ya kinyume, `\(ha` kwa kofia na `\(ti` kwa wimbi. Kwa mpanga chapa `\-` ni alama ya kutoa katika hesabu, lakini makro za man zimepangwa ziigeuze kuwa kistari cha kawaida cha ASCII, U+002D. Kitendo hiki cha kuomba herufi halisi ili isigeuzwe nitakiita kukinga herufi.

Sasa tuangalie kilichompata mtumiaji wako wa kwanza. Kistari cha ASCII ni baiti moja, ambayo kwa namba za msingi wa kumi na sita huandikwa 2d. Kistari cha U+2010 katika UTF-8 ni baiti tatu: e2 80 90. Kwa macho havina tofauti, na katika fonti nyingi za terminali vinafanana kabisa. Lakini programu inayopokea amri haina macho. Inatazama baiti ya kwanza ya kila neno na kuuliza kama ni 2d. Ikiwa ndiyo, neno hilo ni chaguo. Ikiwa siyo, neno hilo ni jina la faili au hoja nyingine ya kawaida. Mtumiaji wako alibandika neno linaloanza na e2, programu yako ikaenda kutafuta faili lenye jina hilo, haikulipata, ikalalamika. Alipoandika mwenyewe, kitufe kilitoa 2d na kila kitu kikaenda sawa. Ndiyo maana pia wengine hulalamika kwamba wakitafuta `-r` ndani ya ukurasa hawapati kitu ilhali wanaiona mbele yao: wanatafuta 2d mahali palipo na e2.

Naomba unisikilize kwa makini hapa, kwa sababu programu yako inafuta mafaili. Tuseme inaitwa `akiba`, ina chaguo la `-f` la kufuta na `--jaribio` la kuonyesha tu kitakachofutwa bila kufuta chochote, na tuseme katika chanzo cha mwongozo ulikumbuka kukinga kistari cha kwanza lakini ukasahau vya pili:

    akiba \-f --jaribio nakala

Mtu akinakili amri hiyo kutoka kwenye skrini, `-f` litafanya kazi kwa kuwa ni 2d halisi, ilhali `--jaribio` litageuka kuwa jina la faili lisilokuwepo. Ikiwa programu yako, kama zilivyo nyingi, inaonya kuhusu faili ambalo haikulipata kisha inaendelea na yaliyobaki, itafuta folda ya `nakala` kikwelikweli mbele ya mtu aliyeamini kwamba anafanya jaribio. Ukurasa usiokingwa kabisa hukataa kufanya kazi na mtu akagundua mara moja. Ukurasa uliokingwa nusunusu ndio wa kuogopwa, na ningekuomba uanze marekebisho yako leo kwa mifano yote inayogusa ufutaji.

Unauliza kwa nini kwako vinaonekana sawa. Kwa miaka mingi terminali nyingi zilikuwa na herufi za ASCII pekee. Kiungo cha maneno na kistari cha amri vyote viliishia kwenye herufi moja, kwa hiyo makosa haya hayakuonekana, yakarithiwa kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Terminali za UTF-8 zilipoenea, makro za groff ziliwekewa kanuni ya kuwasaidia wasomaji: kwenye ukurasa wa mwongozo, kistari kitupu na ritifaa mbili zirudishwe kuwa za ASCII. Toleo la groff 1.23.0, lililotoka mwaka 2023, liliiondoa kanuni hiyo, na kurasa nyingi zilizokuwa na kasoro za zamani zikaanza kuonyesha kasoro zao. Baadhi ya mifumo ya Linux, Debian ikiwemo, iliirudisha kwa kuongeza mistari michache katika faili liitwalo `man.local`, mistari ya namna ya `.char - \-`. Ikiwa mfumo wako ni mmoja wa hiyo, faili hilo linakuficha makosa yako mwenyewe, na mtumiaji wako ambaye mfumo wake haukurudisha kanuni anayaona. Binafsi naona uamuzi wa 2023 ulikuwa sahihi, kwa maana chanzo kinapaswa kusema kinachomaanisha. Lakini mzigo wake uliwaangukia wasomaji wa kurasa, ambao hawakuandika hata mstari mmoja.

Njia ya kuongeza mistari hiyo kwenye `man.local` iko wazi kwa mtumiaji yeyote, na ukimwelekeza huyo wa kwanza kufanya hivyo atapata nafuu leo. Hata hivyo hiyo inatibu kompyuta moja. Chanzo chako kitaendelea kuwa na kasoro kila kitakakokwenda.

Malalamiko ya pili yanahusu mkwaju wa nyuma wenyewe. Kwa kuwa ndio unaotangulia maagizo yote ya roff, roff haiuchukulii kama maandishi hata siku moja. Kila ukiuona hutazama herufi inayofuata na kujaribu kuitekeleza. Uliandika mfano kama huu:

    printf "Tayari\n"

Kwako `\n` ni mstari mpya. Kwa roff `\n` ni agizo la kuchapa thamani ya rejista ya namba, yaani mahali penye jina panapohifadhiwa namba, na jina la rejista ni herufi inayofuata. Herufi inayofuata hapa ni alama ya kufunga mtajo. Hakuna rejista yenye jina hilo, na rejista isiyokuwepo huhesabiwa kuwa na thamani ya sifuri, kwa hiyo msomaji anaona `printf "Tayari0`, sifuri imekuja na alama ya mtajo imemezwa. Vivyo hivyo njia ya faili `D:\nakala` itatoka `D:0kala`, kwa kuwa `\na` imesomwa kama rejista iitwayo a. Maagizo mengine yana hila zaidi kwa sababu hayaachi hata alama ya sifuri: `\"` huanzisha maoni ya mwandishi, kwa hiyo kila kitu baada yake kwenye mstari huo hutoweka, `\d` husogeza maandishi nusu mstari chini, hivyo mfano wa ruwaza yenye `\d` unapoteza herufi zote mbili, na `\*.txt` huomba tungo iliyopewa jina la nukta, haipati, kisha inachapa `txt` tu. Dawa ya yote haya ni moja: mkwaju unaotaka uonekane uandike `\e`. Mfano wako unakuwa `printf "Tayari\en"`. Ukipenda kutumia `\(rs` nayo ni sahihi, `\e` ni ya zamani zaidi na inaeleweka na kila programu ya kusoma kurasa hizi.

Na hapa ndipo ushauri wa mwenzako ulipokupotosha, ingawa aliutoa kwa nia njema na kwa uzoefu wa lugha nyingine ambako kurudia mkwaju ndiyo desturi. Katika roff, `\\` haimaanishi "chapa mkwaju". Inamaanisha "ahirisha": mkwaju wa kwanza unaondolewa, wa pili unabaki ili usomwe katika raundi ijayo. Ikiwa hakuna raundi ijayo, yaani uko kwenye aya ya kawaida, utaona mkwaju mmoja kwenye skrini na utaamini kwamba umefaulu. Lakini hoja unazozipa makro husomwa mara mbili: kwanza zinaponakiliwa kuingia ndani ya makro, kisha makro inapozichapa. Kwa hiyo ukiandika

    .B "D:\\nakala"

raundi ya kwanza inabakiza `D:\nakala`, na raundi ya pili inakuletea tena `D:0kala`. Mahali palepale, kanuni ileile, matokeo mawili tofauti kutegemea kama neno limo ndani ya makro au nje. Isitoshe, ikiwa ulirudia mikwaju kwa amri moja ya kutafuta na kubadilisha faili zima, basi hata zile `\-` ulizokuwa umeziandika vizuri zimegeuka `\\-`, na wasomaji sasa wanaona mkwaju kabla ya kistari. Rudisha toleo la kabla ya mabadiliko hayo ikiwa bado unalo. `\e` haina tatizo hili, maana hubaki vilevile katika raundi zote hadi inapochapwa.

Malalamiko ya tatu ni mepesi kuyaeleza. Mstari unaoanza na nukta, au unaoanza na ritifaa, roff huuhesabu kuwa ni amri. Nadhani uliandika hivi:

    Mipangilio yote husomwa kutoka kwenye faili la
    .akibarc kabla ya kazi kuanza.

Roff ilitafuta makro iitwayo `akibarc`, haikuipata, ikaupuuza mstari wote kimyakimya. Pengine ulipoandika mara ya kwanza jina hilo lilikuwa katikati ya mstari, kisha kihariri chako kilipopanga upya aya likasukumwa hadi mwanzo. Kosa la aina hii hutokea hata kwa mtu ambaye hakugusa neno lenyewe, na kwa hiyo usitegemee kuliweka jina katikati. Litangulize kwa `\&`, alama isiyoonekana na isiyo na upana: `\&.akibarc`. Fanya hivyo hivyo kwa mstari unaoanza na neno lililo ndani ya ritifaa.

Kuna dhana mbili ambazo hukuzitaja, ila nakutana nazo mara kwa mara kwa watu waliofika hapa ulipofika. Ya kwanza ni kwamba ukiuweka mfano kati ya `.nf` na `.fi`, au `.EX` na `.EE`, roff itauacha kama ulivyo. Haitauacha. Makro hizo huzuia upangaji wa mistari na, kwa hiyo ya pili, hubadilisha fonti. Kistari kitaendelea kugeuzwa, mkwaju utaendelea kutekelezwa na nukta ya mwanzo itaendelea kuwa amri. Ya pili ni kwamba unaweza kuzima mkwaju kwa `.eo` na kuuwasha tena kwa `.ec`. Hilo ni kweli, lakini linakuondolea mkwaju peke yake, na baya zaidi linakunyima uwezo wa kuandika `\-` na `\(aq` ndani ya mfano huo huo unaouhitaji. Sikushauri.

Basi urekebishe vipi? Jambo ambalo ningependa ulichukue kuliko yote niliyoandika ni kwamba mbele ya kila alama ya namna hii ujiulize: hii ni ya sentensi au ni ya kuandikwa kwenye terminali? Kistari cha neno ambatani katika maelezo ni cha sentensi, kiache kitupu, na kwa kukiacha unairuhusu groff kukata mstari hapo pale nafasi inapokuwa finyu. Kistari cha chaguo, cha jina la programu, cha jina la faili au cha anwani ya intaneti ni cha terminali, kikinge. Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tuna mfano mzuri wa jambo hili. Ritifaa ya ng'oa na ya ng'ambo ni ya lugha. Iandike tupu na groff itaichapa ikiwa imepinda kama ilivyo vitabuni. Ritifaa zinazozunguka neno katika

    grep \(aq\(hajina\(aq orodha.txt

ni za sheli, na zisipokingwa mtumiaji atabandika alama zilizopinda ambazo sheli haizitambui kuwa za kunukuu, tena na kofia ambayo grep, programu ya kutafuta maandishi ndani ya mafaili, haitaitambua kuwa ni mwanzo wa mstari. Ninakiri kwamba uamuzi huu kuhusu ritifaa ya lugha una gharama: anayetafuta neno ng'oa ndani ya ukurasa kwa ritifaa ya kibodi hatalipata. Ikiwa ukurasa wako ni wa marejeo ambao watu hutafuta maneno kuliko kusoma, una haki ya kuamua vinginevyo, mradi ufanye hivyo kote.

Wimbi nalo usilisahau. `~/nakala` iliyoachwa tupu hutoka na kibainishi cha U+02DC, na sheli haitakipanua kuwa folda ya nyumbani ya mtumiaji. Itatafuta folda yenye jina hilo geni, au programu yako itaiunda.

Kukagua kuna hatua mbili, na ya pili ndiyo yenye thamani zaidi. Kwanza ziachie programu zitafute yale zinayoweza kuyajua (`akiba.1` ni faili la chanzo cha ukurasa wako): `groff -man -Tutf8 -ww -z akiba.1` huwasha maonyo yote bila kuchapa ukurasa, na itakutajia rejista na makro zisizokuwepo, yaani ile sifuri yako na lile faili la usanidi. `mandoc -T lint akiba.1` ni jicho la pili linalostahili kutumika, kwa kuwa mandoc ni programu iliyoandikwa upya kando ya groff na huona mambo mengine. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kukuambia kama kistari fulani kilipaswa kukingwa, kwa sababu kistari kitupu ni halali na nia yako haimo ndani ya faili. Kwa hilo tumia

    grep -n '[^\]-' akiba.1

ambayo itakuonyesha kila kistari kisichotanguliwa na mkwaju, isipokuwa kilicho mwanzo kabisa mwa mstari, kisha uvipitie kimoja kimoja kwa swali lile la sentensi au terminali. Hatua ya pili ni kufungua ukurasa ukiwa umekwisha kupangwa, kwenye mfumo ambao haukurudisha kanuni ya zamani, na kunakili kila mfano kuubandika kwenye terminali. Ukiwa na mashaka na alama moja, ipitishe kwenye `hexdump -C` uone kama ni 2d au ni e2 80 90.

Kuhusu Markdown, nitakujibu bila kukupendezesha. Kuandika kwa muundo mwingine na kuacha programu itoe roff, iwe ni pandoc, scdoc, pod2man ya Perl au nyingineyo, kutakuondolea sehemu kubwa ya makosa ya mkono, na kwa mtu mwenye ukurasa mmoja mfupi ambaye hana hamu ya kujifunza roff ni uamuzi wa busara. Unachopoteza ni mambo mawili. Kibadilishi hakijui nia yako isipokuwa umetia alama kila kipande cha msimbo, kwa hiyo baadhi yake hukinga kila kistari bila kubagua, jambo ambalo halina hatari ila linaharibu ukataji wa mistari. Na kosa likitokea itakubidi urekebishe chanzo cha Markdown au kibadilishi chenyewe, kamwe usiguse roff iliyotolewa, maana itaandikwa upya mara ijayo na marekebisho yako yatapotea. Njia ya tatu, ambayo mimi ningeichagua kwa programu inayotegemewa kukua, ni makro za mdoc badala ya za man. Huko unaandika `.Fl f` ukimaanisha "chaguo f", na makro yenyewe inaweka kistari kilichokingwa. Nia yako inakuwa imo ndani ya faili. Angalia tu machaguo marefu: kistari cha pili ni chako, kwa hiyo andika `.Fl \-jaribio`.

Ukiamua kuandika kibadilishi chako mwenyewe, hata kama ni mistari mitano ya sed, programu ya kutafuta na kubadilisha maandishi, mpangilio wa hatua ndio kila kitu. Geuza mikwaju kuwa `\e` kabla ya jambo lingine lolote, kisha vistari, ritifaa, kofia na mawimbi, na mwisho kabisa kinga nukta na ritifaa zilizo mwanzoni mwa mistari. Ukianza na vistari, utaingiza mikwaju yako mwenyewe, na hatua ya mikwaju itakapofika itaigeuza hiyo nayo. `--jaribio` itatoka kwenye skrini kama `\-\-jaribio`. Kwa sababu hiyo hiyo usiyapitishe maandishi yaleyale kwenye kibadilishi mara mbili.

Kazi hii unaiweza mwenyewe kwa jioni moja au mbili. Kuna hali mbili ambazo ningekushauri utafute mtu anayeijua roff mkae pamoja mbele ya skrini. Moja ni ikiwa umeunda makro zako mwenyewe kwa `.de` ndani ya ukurasa, kwa sababu humo `\\` ina kazi yake halali na kuibadilisha yote kuwa `\e` kutavunja makro. Kutofautisha ipi ibaki na ipi iondoke ni vigumu kueleza kwa maandishi bila kuona faili. Nyingine ni ile mifano ya kufuta. Baada ya kuirekebisha, mwombe mtu mwenye mfumo tofauti na wako aibandike amri baada ya amri kwenye folda ya majaribio isiyo na kitu cha thamani, nawe ukiwa karibu, kabla hujatoa toleo jipya. Na kwa kuwa wapo walio na ukurasa wa zamani tayari kwenye kompyuta zao, ongeza kwenye maelezo ya toleo hilo sentensi inayowaambia kwamba mifano ya awali isinakiliwe, na ifanye programu yako isimame badala ya kuendelea pale inapopewa jina la faili lisilokuwepo pamoja na `-f`.